Ziwa Tuna Mabati, Lakini Joto Lilienda Wapi?

Hii ya leo ni ndefu kidogo, kwa hivyo mimina chai kwanza.

Mtu wa Mombasa ukimwambia kwamba kuna Wakenya wanaoteseka na baridi, anacheka. Kwake Kenya ni jua. Hapa Ziwa, kaskazini ya Eldoret, tuko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Julai usiku joto linashuka hadi nyuzi 10 hivi, na mvua ikinyesha jioni, ndio kabisa. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri unakuta bati linadondosha maji ndani ya nyumba hata kama hakukunyesha. Hayo maji ni pumzi ya watu waliolala. Imepanda juu, imegonga bati baridi, imerudi chini kwa blanketi.

Sasa, ukifungua mjadala wowote wa nyumba hapa kwetu utasikia habari ya shamba, hati na bei ya simiti. Joto halitajwi. Ni kama baridi ni tabia ya Mungu, na kazi yetu ni kuvaa sweta mbili.

Mimi nasema baridi ya nje ni ya Mungu, ila baridi ya ndani ya nyumba ina historia, na hiyo historia imeandikwa na watu. Uingereza wameipa shida hii jina. Mwaka 1991 mtafiti anaitwa Brenda Boardman alitoa kitabu kizima kuihusu, na kipimo chake kikawa rahisi: kama nyumba yako inahitaji zaidi ya asilimia 10 ya mapato yako ili ipate joto na nishati ya kutosha, wewe ni maskini wa nishati. Unaweza kuwa na paa, kitanda na kazi, na bado usiku ukawa maskini. Kwa leo tuite umaskini wa joto.

Tuanze mbali. Kabla ya masetla, kabla hata ya hao Wamaasai wa Uasin Gishu ambao kaunti imerithi jina lao, huku juu kuliishi watu ambao masimulizi yetu yanawaita Sirikwa. Wameacha mashimo kwenye miteremko, na wazee wakikuonyesha watakwambia tu "mashimo ya Sirikwa". Mary Leakey alichimba ya Hyrax Hill kule Nakuru kuanzia 1937, na baadaye mwanaakiolojia John Sutton akaeleza kwamba shimo lenyewe lilikuwa zizi la ng'ombe, na nyumba ya watu ilijengwa kando, imeunganishwa nalo. Hebu fikiria hiyo ramani. Zizi liko chini ya usawa wa upepo, limechimbwa kwenye mteremko, na mlango wa nyumba unatazama ng'ombe, sio uwanda. Mtu aliyejenga hivyo alijua upepo wa huku unatoka wapi.

Nyumba ya Kinandi iliyokuja baadaye nayo ilikuwa na akili yake. Ya duara, kuta za udongo mnene, paa la nyasi, moto ndani. Juu kulikuwa na dari, tabut, ambapo nafaka na kuni zilikaa zikikaushwa na moshi. Mbuzi walilala upande wao humo humo. Udongo unakula joto la jioni polepole na kulirudisha polepole usiku. Nyasi zimejaa hewa katikati, na hewa iliyotulia haipitishi joto haraka. Hakuna aliyelipa bili. Moto uliopika ugali wa wimbi ndio huo huo uliopasha nyumba na kukausha kuni za kesho.

Kabla hamjaniambia turudi kwenye nyasi, ngojeni. Nyumba hiyo ilikuwa na moshi. Kina kogo wetu waliopika humo miaka hamsini wanajua macho yao yameona nini, na kifua kile cha asubuhi tunakijua. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba uliua watu takriban milioni 3.2 duniani mwaka 2020 peke yake. Kwa hivyo siuzi nostalgia. Ninachosema ni kwamba ile nyumba ilikuwa imejibu swali la usiku. Zilizofuata hazikuulizwa hilo swali kabisa.

Serikali ya Mwingereza ilipokuja, kitu cha kwanza ilichojua kuhusu nyumba ya Mwafrika ni kwamba inaweza kuhesabiwa. Kodi ya nyumba ilianza 1901. Unalipa kulingana na idadi ya nyumba zako. Mwenye familia kubwa na nyumba tatu analipa mara tatu, kwa hivyo jibu la mtu mwenye akili ni kubanana kwenye nyumba chache. Hapo ndipo nyumba yetu ilipoingia kwenye daftari la serikali kwa mara ya kwanza, na iliingia kama paa la kutozwa.

Halafu ardhi. Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905, upinzani wa Wanandi ukavunjwa, na miaka mitatu baadaye, 1908, Makaburu wa msafara wa Jansen van Rensburg wakafika Uasin Gishu na magari yao ya ng'ombe kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1910 posta ikafunguliwa kwenye shamba namba 64, ndio maana mpaka leo mzee wa huku anaweza kuita mji Sisibo. Jina Eldoret likaja 1912.

Nenda uangalie nyumba za zamani za masetla ambazo bado zimesimama. Angalia juu ya paa. Utaona bomba la moshi la mawe. Setla alijua kuna baridi, kwa hivyo akajenga meko ukutani, akaweka dari ya mbao na sakafu ya mbao. Mfanyakazi wake je? Sheria ya 1918 ya vibarua wakaazi ilimruhusu Mwafrika kuishi kwenye shamba la mzungu kwa sharti la kumfanyia kazi siku 180 kwa mwaka. Kibanda chake hakikuwa chake, angeweza kufukuzwa msimu ukiisha. Niambie, nani atajenga ukuta mnene, apake udongo mara tatu, aweke tabut, kwenye nyumba ambayo haijui kama ataimaliza mwaka? Unajenga kitu chepesi. Kwa hivyo kwenye shamba moja, baridi moja, kulikuwa na nyumba iliyopangwa kwa ajili ya usiku na nyingine iliyopangwa kwa ajili ya kuhama.

Na kuni? Hizo nazo zilipata mwenyewe. Mikaratusi, ile tunaita blugamu, ililetwa Kenya 1902 ili ilishe injini za reli, manake treni za wakati huo zilikuwa zinachoma kuni. Reli ikafika Eldoret 1924. Baadaye kampuni ya East African Tanning Extract, wazee wanaiita EATEC, ikajaza maelfu ya ekari kuzunguka Eldoret na miti ya wattle. Gome lilitoa tanini ya kutengenezea ngozi, na mti uliobaki ukawa kuni na makaa. Ona vile mambo yamegeuka. Nchi iliyokuwa na misitu ya kila mtu ikawa na msitu wenye ofisi. Kuni zikawa kitu cha kuomba, kuiba au kununua.

Uhuru ukaja. Watu wakanunua mashamba kupitia vyama vya ushirika na skimu za serikali, na hapa ndipo mabati yaliposhinda. Tusiwacheke wazazi wetu. Bati lilikuwa heshima. Halivuji, haliungui kirahisi kama nyasi, halina panya na unaweza kuvuna maji ya mvua juu yake. Nyasi zenyewe zilikuwa zimeisha, sababu uwanda wote ulikuwa umelimwa mahindi na ngano. Sensa ya 2019 ilikuta karibu nyumba 8 kati ya 10 za Kenya zimeezekwa mabati.

Shida ni kwamba bati ni chuma chembamba. Mchana linakuchoma, usiku linatoa joto lote nje kuelekea angani kama sufuria iliyoachwa bila kifuniko. Lilikuja bila tabut yake. Nyumba nyingi za Ziwa hazina siling'i mpaka leo, sababu fundi akimaliza paa pesa imeisha, na siling'i inaonekana kama urembo wa sebule. Urembo gani? Siling'i ndiyo tabut ya nyumba ya bati.

Mjini hadithi ilikuwa nyingine lakini mwisho ni ule ule. Nyumba za kaunsili zilizoanza enzi ya ukoloni zilipangwa kwa ajili ya mwanaume mmoja mfanyakazi: chumba, kitanda, aende kazini. Familia ilitakiwa kubaki kijijini. Baada ya uhuru, sera ya makazi ya 1966/67 iliahidi kila familia nyumba nzuri yenye viwango vya msingi vya afya, faragha na usalama. Shirika la Nyumba la Taifa likaundwa 1967. Maneno mazuri, na nyumba zikajengwa kweli. Lakini ukisimama kwenye nyumba yoyote ya zamani ya kaunsili huku nyanda za juu, uliza hivi: moto wa huyu mtu ulitakiwa ukae wapi? Hakuna meko, hakuna bomba la moshi. Watu walijibu wenyewe. Walileta jiko la makaa ndani.

Hapa naomba tusome polepole, sababu ni maisha ya watu. Makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa, hewa safi inapungua na kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa inajikusanya. Haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Inashika damu kwa nguvu kuliko oksijeni inavyoshika, kwa hivyo mtu anasikia usingizi, kichwa kinauma kidogo, analala. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia ambayo haikuamka, na maoni chini yake ni yale yale: "Kwani hawakujua?" Walijua. Walikuwa wanachagua kati ya hatari wanayoiona, mtoto anayetetemeka, na hatari wasiyoiona.

Na kila njia mbadala imekuwa na mkono wa serikali juu ya bei yake. Februari 2018 ukataji miti kwenye misitu ya umma ulisimamishwa. Ulikuwa na sababu, misitu ilikuwa inaisha, lakini makaa yakapanda. Septemba mwaka huo huo mafuta taa yakaongezewa ushuru wa Sh18 kwa lita ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli. Kosa ni la mwenye lori, bili ni ya mwenye stovu. Mwaka mmoja, makaa na mafuta taa vyote viwili. Basi watu wakaambiwa hamieni gesi. Gesi ilikuwa imeondolewa VAT 2016. Julai 2021 ikarudishiwa asilimia 16, 2022 ikashushwa hadi 8, 2023 ikaondolewa tena. Utapangaje maisha ya jikoni na kitu kinachobadilika hivyo?

Kuna mtu atasema stima. Sawa, tupige hesabu. Hita ndogo ya umeme ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa. Iwashe saa nne tu kila jioni, mwezi ukiisha umekula uniti 240. Tangu Aprili 2023 bei nafuu ya stima ya mtu wa chini inaishia uniti 30 kwa mwezi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inasema nyumba za jamii ni za mtu anayepata chini ya Sh20,000. Asilimia 10 ya hiyo, kipimo cha Boardman, ni Sh2,000. Hata tungeuziwa uniti kwa Sh20 tu, na hatuuziwi hivyo, hita peke yake ingekula Sh4,800. Hujapika. Hujawasha taa.

Kwa hivyo jibu haliwezi kuwa "nunua nishati zaidi". Lazima nyumba yenyewe ihitaji joto kidogo. Hapo ndipo Waingereza wana kitu cha kutufundisha, kwa uzuri na kwa ubaya.

Mwaka 1961 kamati ya Parker Morris iliandika viwango vya nyumba huko kwao, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho sera yetu ya miaka mitano baadaye haikukibeba: nyuzi. Sebule iweze kufika nyuzi 18 hivi, jikoni na kwenye korido 13, hata nje kukiwa na barafu. Kuanzia 1969 nyumba zote mpya za kaunsili zilipaswa kufuata viwango hivyo, mpaka vilipofutwa 1980. Mwaka 2000 wakapitisha sheria ya kumaliza umaskini wa nishati, na mpango wa Warm Front ukalipia mamilioni ya nyumba za watu wa kipato cha chini kuwekewa vizuizi vya kupotea kwa joto darini na ukutani, na hita bora. Lengo la England lilikuwa kuimaliza shida kufikia 2016. Hawakufika. Mpango wenyewe ulifungwa 2013.

Gharama ya kutofika ina jina. Desemba 2020, mji wa Rochdale, mtoto wa miaka 2 anaitwa Awaab Ishak, wazazi wake wametoka Sudan, alifariki kwa ugonjwa wa mfumo wa kupumua. Uchunguzi wa mahakama 2022 ulisema chanzo ni ukungu uliojaa kwenye nyumba yao ya jamii. Baba yake alikuwa amelalamika muda mrefu. Sasa sheria ya 2023 ya nyumba za jamii ina kipengele kinachoitwa Sheria ya Awaab, kinacholazimisha wenye nyumba kushughulikia unyevu na ukungu kwa muda uliowekwa. Nchi tajiri, gridi ya gesi mpaka mlangoni, na bado mtoto alikufa kwa sababu ya ukuta. Kama tunadhani bati linalodondosha maji Ziwa ni jambo dogo, tufikirie tena. Huku kwetu nimonia ni mojawapo ya vitu vinavyoua sana watoto chini ya miaka mitano.

Turudi nyumbani. Kenya inajenga nyumba za serikali kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Kila mwenye payslip anakatwa asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo. Mahakama Kuu ilisema Novemba 2023 makato hayo hayakufuata katiba, na Machi 2024 yakarudi kwa sheria mpya. Mnaweza kuwa mnaipenda au mnaichukia, hela inakatwa. Swali langu ni moja: hizo nyumba zikijengwa Eldoret, na zile za zamani za kaunti zikikarabatiwa, zitapimwa kwa nini? Sensa ya 2019 iliuliza paa lako ni la nini, ukuta, sakafu, unapikia nini, taa yako ni ya nini. Tunajua asilimia 55 ya nyumba zinapikia kuni. Haikuuliza unapata joto vipi. Kuanzia daftari la kodi ya 1901 mpaka fomu ya 2019, ni karne na zaidi ya kuhesabu paa.

Mambo ninayotaka si ya anasa, na fundi yeyote wa Ziwa anayaweza.

Siling'i iwe lazima kwenye kila nyumba ya umma yenye paa la bati, na ikarabatiwe kwenye zilizopo. Juu yake kuwekwe kitu chenye hewa ndani, hata kama ni maganda makavu yaliyofungwa vizuri mbali na moto na nyaya.

Jiko lipewe nafasi yake kwenye ramani, na bomba la kutoa moshi. Tangu jiko la udongo la Kenya lianze kusambaa miaka ya 1980 tumeboresha jiko mara kumi, nyumba linapokaa hatujaigusa.

Matundu ya hewa yawekwe juu ukutani, mahali mpangaji hawezi kuyaziba na gunia bila kujua anajifungia nini. Mlango uzibe chini.

Maji ya kuoga yapashwe na jua. Jua la Uasin Gishu saa saba mchana ni bure, na maji ya moto ndiyo yanayokula makaa mengi baada ya chakula.

Na mtu aingie na kipimajoto. Julai, saa kumi usiku, kabla mkandarasi hajalipwa pesa ya mwisho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyuzi 18 ndani ya nyumba kwa nchi za baridi. Hatutafika huko mwaka wa kwanza, lakini nambari ikiwa kwenye karatasi, mtu anaweza kuulizwa.

Kuna rafiki ameniambia, "Wewe, watu hawana maji, unaleta story ya nyuzi." Namwelewa. Lakini hela za nyumba tayari zinatoka, siombi mfuko mpya. Siling'i ikiwekwa wakati wa ujenzi ni bei ndogo, ikiwekwa baada ya watu kuhamia ni vita. Na mama anayenunua makaa debe kwa debe kila jioni anamalizia mwaka akiwa amelipa siling'i nzima, ila hana siling'i.

Katiba kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, mikutano hiyo huwa na viti vitupu na watu kumi wale wale. Nendeni. Muulize MCA wako kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa Kinandi: hiyo nyumba mnayotujengea, Julai saa kumi usiku itakuwa nyuzi ngapi? Akisema atarudi na jibu, andika tarehe.